Chupa Namba Kumi na Saba

Siku Gerishon Were alipoandikwa kazi kwenye dobi ya Bwana Hallam, nyuma ya Victoria Street, alikabidhiwa vitu viwili: meza na chupa. Meza haikumsumbua. Chupa ndiyo iliyomtia maswali. Ilikuwa bapa, ya rangi ya kahawia, ubavuni imekwaruzwa namba 17 kwa msumari, na chini yake palikuwa na utando mkavu wa dawa. Sasa wewe jiulize, mtu ameingia kazini leo asubuhi, dawa iliyokauka ndani ya chupa yake ni ya nani? Mwingine angeisuuza akaendelea na maisha. Gerishon alikuwa na ugonjwa wa kuuliza tangu utotoni kule Kimilili, na mama yake alichoka kumjibu kabla hajang'oa meno ya utoto.

Karani Lazarus alimwambia chupa ni mali ya kampuni, meza ni mali ya kampuni, na maswali yabaki nyumbani. Halafu akamweleza mambo ya Mfuko wa Matibabu, akiwa ameshika kalamu kama padri anayebariki. Kila mfanyakazi wa kudumu hukatwa shilingi moja kwa mwezi. Kwa shilingi hiyo yeye, mke mmoja na watoto wawili watatibiwa kwa daktari wa Kizungu kule Hurlingham, kila Jumanne, mradi wabebe chupa yenye namba yao. Kila namba ina vyeti kumi na viwili kwa mwaka, kimoja kwa kila safari ya daktari. Mke mmoja, akarudia Lazarus, kwa sababu kuna watu wa nyumbani huwa wanajisahau.

Gerishon alifurahi, kusema kweli. Ilikuwa Juni mwaka hamsini na saba. Alikuwa amefanya vibarua miaka miwili, leo kubeba saruji, kesho kukata nyasi, na kibarua akiugua ni shauri yake na Mungu wake. Sasa alikuwa mtu mwenye namba. Jioni ile alitembea hadi chumba chao Kibera, wanachopanga kwa mama mmoja Mnubi, akaiweka ile chupa juu ya sanduku ili mkewe Naliaka aione vizuri. Naliaka aliigeuza, akanusa mdomo wake, akauliza kwa nini wamempa chupa kuukuu. Walifanana, hawa wawili.

Kazi yake ilikuwa madoa. Suti za Wazungu na magauni ya mabibi zao zilikuja na mvinyo, mchuzi, grisi ya gari, na mambo mengine ambayo dobi hasemi. Pembeni ya meza yake lilisimama pipa la dawa ya madoa. Unachovya kitambaa, unasugua, doa linatoka kama halikuwahi kuwepo. Ile dawa ilikuwa na harufu tamutamu, na wiki ya kwanza Gerishon aliipenda. Wiki ya tatu akaanza kuona kichwa kinagonga, karibu kila siku kabla ya chai ya saa nne. Akadhani ni njaa, akaanza kubeba muhogo.

Mwezi wa Agosti walikatwa shilingi mbili. Oktoba wakakatwa tatu. Mshahara ulikaa palepale, haukusogea hata senti. Wenzake walinung'unika wakitazama chini, lakini Gerishon alikwenda mlangoni pa Lazarus akauliza kisa. Lazarus akasema daktari amepandisha bei kwa sababu watu wa Hallam wanaugua mno. Nani huyo anayeugua mno, akauliza Gerishon, mbona mimi sijaenda hata siku moja? Lazarus akafunga daftari, akamwambia atoke mlangoni maana anamzibia mwanga.

Huenda mambo yangeishia hapo kama si miguu ya Naliaka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya pili. Binti yao wa kwanza, Nekesa, alikuwa nyumbani kwa bibi yake. Mwanzoni mwa Novemba miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Halafu vidole vya mikono, halafu uso. Mkunga jirani, mama wa makamo anayeitwa Rael, alimtazama machoni akamwita Gerishon nje. Akamwambia wanawake wawili amewaona hivi, na mmoja hakuamka. Huyu anatakiwa kulazwa hospitali, siyo mwezi ujao, sasa. Na ili alazwe, mtu wa kampuni alihitaji barua ya daktari wa kampuni.

Gerishon aliogopa. Alikuwa mtu wa kucheka na kudadisi, lakini usiku ule hakuuliza kitu. Jumanne aliomba ruhusa, wakatembea polepole na Naliaka hadi Hurlingham, wakipumzika kila baada ya nyumba tatu au nne. Chupa ilikuwa kwenye kikapu, imeoshwa ikang'aa, ila utando wa chini ulikataa kutoka.

Pale zahanati palikuwa na dirisha dogo, na nyuma ya dirisha alikaa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa. Jina lake Ephantus, kijana Mkikuyu wa Kinoo aliyekuja kila asubuhi kwa baiskeli, na kwa kuwa ilikuwa Hali ya Hatari, kibali chake cha kupita mjini kilikunjwa ndani ya soksi, maana askari walipekua mifuko kwanza na wengine walichana vibali. Ephantus alipokea chupa, akasoma namba, akafungua daftari kubwa. Akapitisha kidole. Akairudisha chupa.

Kumi na saba imemaliza, alisema. Vyeti vyote kumi na viwili vilikwisha mwezi wa tano. Warudi Januari.

Gerishon alidhani hajasikia vizuri. Akamwambia hajawahi kukanyaga pale. Ephantus akageuza daftari amwonyeshe: safari kumi na mbili, zimepangwa, kila moja na tarehe yake. Damu ikampanda Gerishon kichwani. Amekatwa shilingi miezi mitano, mkewe amevimba kama unga uliotiwa hamira, na kumbe kuna mwizi amekula vyeti vyake kabla hata hajaajiriwa. Hapo akasita. Kabla hajaajiriwa. Mwizi gani anakula kitu ambacho mwenyewe bado hajapewa?

Akauliza alikuwa mtu wa namna gani. Mjaluo mmoja mrefu, alisema Ephantus, mpole, macho ya manjano kama kiini cha yai. Odero. Yuko hapahapa, amejihifadhi kwa binamu yake, mpishi wa nyumba ile yenye geti la kijani, vyumba vya watumishi huko nyuma. Ephantus akamtazama Naliaka kupitia dirishani, akatoka nje akamletea kiti chake mwenyewe. Akamwambia aache chumvi, alale kwa ubavu, na akianza kuona vimulimuli machoni wasingoje Jumanne wala cheti cha mtu. Zaidi ya hapo hana ruhusa, akasema, na ilionekana kweli kwamba inamuuma.

Gerishon alimwacha Naliaka kwenye kiti akaenda kwenye geti la kijani akiwa amejaa matusi. Alikuwa ameyapanga njiani, moja baada ya jingine. Alipoinama kuingia katika kile chumba matusi yote yakamtoka kichwani. Odero alikuwa amelala kwenye mkeka, mikono imebaki mifupa, tumbo limejaa, na ngozi yake, ambayo mtu angeona kabisa ilikuwa nyeusi ya kupendeza, ilikuwa na manjano kwa ndani. Alimkaribisha mgeni vizuri. Akaomba radhi kwamba hawezi kuinuka.

Gerishon akasema jina lake na anakofanya kazi. 

"Wewe ndiye uko kwa pipa sasa," Odero akasema.

"Ndiyo."

"Kichwa kinakuuma saa ngapi?"

Gerishon hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya kichwa, hata Naliaka. "Saa nne," akasema. "Kabla ya chai."

"Hata mimi ilikuwa saa nne. Baadaye utaanza kutapika muhogo. Ulishaanza kubeba muhogo?"

Nakuambia, Gerishon alikaa chini palepale sakafuni. Odero akamsimulia bila haraka. Alifanya kazi kwenye ile meza mwaka mmoja na miezi miwili. Vyeti kumi na viwili alivitumia yeye, na alikuwa na haki navyo, aliumwa kweli. Vilipokwisha, mwezi uleule wa tano, Lazarus akamwita akamwambia kampuni haiwezi kumweka mtu asiye na nguvu. Wakamnyang'anya chupa mlangoni. Na mwenye chupa kabla yake, Mmaragoli mmoja jina Shadrack, alirudishwa kwao akiwa hivihivi. Odero alijua kwa sababu Shadrack alimwachia sweta, na sweta lilikuwa linanukia utamu ule wa pipa hata baada ya kufuliwa mara nne.

Gerishon alirudi zahanati mbio. Naliaka alikuwa amesinzia kitini. Akapiga kwenye dirisha, akamwomba Ephantus amsomee kumi na saba kurasa za nyuma, mwaka jana na juzi. Ephantus aliangalia mlango wa daktari, akaona umefungwa, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Kichwa. Kichwa na kutapika. Kutapika. Macho ya manjano. Kisha kichwa tena, mwanzo mpya, hadi manjano. Ilirudia hivyo mara tatu. Daftari halikuwa na majina, namba tu. Ukisoma bila kufikiri ungedhani kumi na saba ni mtu mmoja mwenye mkosi, anayeugua akapona akaugua tena.

Gerishon akaomba asomewe namba nyingine, yoyote. Namba nne: jino, mwaka hamsini na tano. Jipu, mwaka huu. Namba tisa: mafua ya mtoto. Basi. Wote walikuwa wakiugua kama watu wengine. Kumi na saba peke yake ndiyo ilikula vyeti vyote kila mwaka, sindano na dawa ghali, na bei ya kila mtu ikapanda. Kumbe waliokuwa wakiugua mno, wale Lazarus aliowalaumu, walikuwa meza moja.

"Wamekuwa watu wangapi?" Gerishon akauliza.

"Watatu, nijuavyo mimi. Wewe wa nne," Ephantus akasema. "Daktari anaangalia ulimi, haangalii sura. Mimi nawaona sura."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza, ndugu yangu. Na mtu wa Kinoo siku hizi haongei kabla ya kuulizwa."

Basi Gerishon akajua yote aliyotaka kujua, na hayakumsaidia. Naliaka alikuwa bado amevimba, na Januari ilikuwa mbali kuliko mimba yenyewe.

Kesho yake alisubiri wenzake watoke kwenda chai, akamfuata Lazarus. Alidhani karani atakana. Lazarus hakukana. Aliondoa miwani akaifuta kwa tai, akasema alishaligundua hilo jambo mwaka jana, akamwandikia Bwana Hallam, na Bwana akamjibu kwa mdomo kwamba dawa nyingine ya madoa ni ghali mara tatu na makarani ni rahisi kupatikana. Lazarus alikuwa na watoto watano, na yeye mwenyewe alikuwa namba mbili, ana mke mwenye pumu. Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayetaja anapoishi.

Kisha akasema jambo ambalo Gerishon hakulitarajia. Mzee wa namba nne, mkunjaji wa mashuka, anarudi kwao Kakamega Jumamosi, amemaliza kazi. Namba nne ina vyeti kumi na kimoja. Gerishon aichukue, na meza yake, na chupa yake. Jumanne mke atibiwe.

"Lakini Jumatatu utamfundisha mtu wa pipa," Lazarus akasema. "Akikataa, akikimbia, unarudi wewe kumi na saba. Sina mwingine anayeijua hiyo kazi. Umenielewa?"

Alielewa. Siku zile nne Naliaka alilala kwa ubavu, akala chakula kisicho na chumvi akilalamika kwamba anakula karatasi. Jumapili aliona kimulimuli kimoja, akasema labda ni jua. Gerishon alikaa karibu naye kutwa. Alimweleza yote, hata habari ya kichwa aliyokuwa amemficha. Naliaka akasikiliza hadi mwisho, akiwa amefumba macho.

"Huyo wa Jumatatu akikuuliza, Baba Nekesa, utamwambia nini?"

"Labda hataniuliza."

"Wewe uliuliza," Naliaka akasema.

Mtu wa Jumatatu alikuwa mkubwa kwa Gerishon, mvi zimeanza pembeni mwa masikio, jina lake Ogutu, wa Alego. Alikuwa amefanya vibarua miaka sita. Alivaa koti safi kwa ajili ya siku ya kwanza, na alikuwa ameshika chupa ya kumi na saba kwa mikono miwili. Gerishon akamwonyesha brashi, akamwonyesha vitambaa, akamwonyesha suti yenye mvinyo. Aliongea haraka kuliko kawaida yake. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwomba Mungu kwamba mtu asiulize, na sasa alikuwa anaomba hivyo, midomo imefungwa, huku anasugua kola. Kwa dakika kumi maombi yalijibiwa.

Ogutu akainua ile chupa kwenye mwanga. Akaona utando.

"Mzee," akasema, ingawa yeye ndiye mkubwa, "hii chupa ilikuwa ya nani?"

Gerishon aliweka brashi chini. Akilini alimwona Naliaka kitini pale Hurlingham. Angeweza kusema sijui, ni neno fupi sana. Aliona haya, akakasirika kwa kuona haya, na hasira hiyo ndiyo iliyomfungua mdomo. Akamwambia. Odero, na kabla yake Shadrack, na kabla yake mtu asiyemjua jina. Pipa. Kichwa cha saa nne. Manjano. Alisema yote mpaka chini, akijua kwamba kila neno linamrudisha mwenyewe kwenye ile meza na linamwondoa mkewe kwenye mlango wa daktari.

Ogutu alisikiliza kwa makini, akitazama pipa. Hakuonekana kushtuka sana. Aliuliza inachukua muda gani. Mwaka, Gerishon akasema, Odero ilimchukua mwaka na kidogo.

"Nina binti wa miaka minane," Ogutu akasema. "Damu yake ni mbaya, viungo vinamuuma, kila mwezi analia. Daktari alisema anahitaji dawa daima. Kwa kibarua siwezi." Akaiweka chupa mezani taratibu, isivunjike. "Niambie tu, hivyo vyeti vipya vinafunguliwa lini?"

"Januari."

"Na mtoto anaandikwa pia?"

"Wawili."

"Ninaye mmoja tu aliyebaki," akasema Ogutu, akavua koti lake safi, akalitundika.

Gerishon alitaka kumshika amtoe nje. Alitaka pia kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alilisukuma pipa hadi chini ya dirisha, dirisha ambalo halikuwa limefunguliwa tangu wapakaji rangi waondoke, akaligonga kwa kiganja mpaka likafunguka. Akamwonyesha kufunika pipa kila anapochovya, na kujifunga kitambaa chenye maji puani, na kutoka nje saa tatu na nusu kabla kichwa hakijaja. Lazarus alipita, akaona dirisha limefunguliwa, akapita tena akaliacha wazi.

Jumanne Ephantus alipokea chupa namba nne, akapitisha kidole, akamwita Naliaka. Daktari alimwangalia miguu, akampima presha mkononi kwa mpira, akaandika barua haraka sana. Atalazwa mchana huohuo, na gari la wagonjwa limeitwa. Naliaka alitoka na barua ameikumbatia, akaketi kwenye kile kiti cha Ephantus bila kuombwa.

Ephantus alikuwa bado na daftari wazi. Akauliza, kwa kuwa sasa alikuwa anauliza, kumi na saba ni nani siku hizi.

"Ogutu wa Alego," Gerishon akasema. "Andika."

"Hakuna mahali pa majina."

"Andika pembeni. Andika na Odero. Na Shadrack wa Maragoli. Huyo wa kwanza weka mstari, nitamtafuta jina."

Ephantus alitazama mlango wa daktari. Kisha akaandika, herufi ndogo ndogo, ukingoni mwa ukurasa. Alipofika katikati akasimamisha kalamu.

"Na wewe je? Ulikaa miezi mitano."

Gerishon hakuwa amefikiria hilo. Aligeuka kumtazama Naliaka, naye alikuwa amefumbua macho na anangoja jibu pamoja na Ephantus.

"Were," akasema. "Gerishon Were. Kichwa, saa nne. Wiki iliyopita nilitapika mara moja."

Ephantus akaandika, akaweka tarehe, na gari la wagonjwa likaingia getini.